Bonde Nililomwambia Dereva Apite

Siwezi kuangalia kilima bila kuweka kifaru juu yake. Au tuseme nyuma yake, kwa sababu anayeweka kifaru juu ya kilima hajui kazi, na miaka ile nilipokuwa mwalimu wa vifaru jeshini ningemtoa darasani nikamwambia akaombe kazi ya jikoni. Mke wangu ameuchoka ugonjwa huu. Tukienda kanisani kwa miguu, yeye anasalimia watu, mimi naangalia mabonde. "Leo umeua wangapi?" alikuwa akiniuliza zamani tukifika mlangoni, na mara nyingi nilikuwa na jibu.

Kwetu ni upande wa Bomet, kwenye migongo ya chai. Nyumba ziko juu, chai imeshuka ubavuni hadi karibu na mto, na kule chini kabisa kuna nyasi za ng'ombe na mikaratusi. Ardhi ya namna hii humpenda anayengoja na humchukia anayekuja. Kifaru kina chuma kizito mbele, lakini tumbo lake ni jembamba. Kinapovuka mgongo wa kilima kuna muda mfupi ambapo pua imeelekea mbinguni, mzinga unalenga mawingu, dereva haoni kitu ila anga, na tumbo lote liko wazi kwa yeyote aliye ng'ambo. Kwa hiyo anayejua kulinda hakai juu, mahali ambapo hata mchungaji wa mbuzi atamwona. Hukaa mteremko wa nyuma, kifaru kimezama kwenye mkunjo wa ardhi hadi shingoni, kichwa na mzinga tu ndivyo vimechomoza, naye hungoja matumbo yatokeze moja baada ya jingine. Walio wachache wakikaa vizuri hivyo wanaweza kuwasimamisha walio wengi, na wale wengi wasijue hata wamepigwa kutoka wapi.

Vijana wanaoleta majani kwenye kituo cha kununulia chai hawaamini. "Mzee, si hiyo kitu ni chuma tupu?" mmoja aliniambia. "Si inapita tu mahali inataka?" Nilimkaripia mpaka mwenye mizani akageuka kuangalia. Chuma hupita pale ardhi inapokiruhusu kupita, nikamwambia, na ardhi haijawahi kuogopa chuma cha mtu. Kijana akacheka. Mimi sikucheka, na niliporudi nyumbani nilikaa na hasira mpaka jioni, hasira ambayo wala haikumhusu yeye.

Sijawahi kupigana vita vya vifaru. Heri niseme hilo mapema, kwa maana wastaafu wengi hupenda kupiga chuku. Nilifundisha tu, mazoezi baada ya mazoezi, kwa risasi za kelele zisizoua. Lakini mtu mmoja alikufa ndani ya kifaru changu. Alikuwa dereva wangu, na aliyemuua ni mimi, kwa kusoma ardhi vibaya na kwa kutotaka kuambiwa. Watu wa kwao waliambiwa kwamba kosa lilikuwa lake, na mimi ndiye niliyefanya waambiwe hivyo. Hilo ndilo ninaloandika hapa.

Nilikuwa nafundishia kwenye meza ya udongo. Unachukua meza pana, unaizungushia mbao, unamwaga udongo na kufinyanga vilima na mabonde. Jivu ndilo mto, matawi ya chai ndiyo msitu, na viberiti ndivyo vifaru. Wanafunzi wakishaizunguka, nilikuwa nawauliza maswali matatu. La kwanza, adui yako ni lazima apite wapi? La pili, wewe utajificha wapi? Hayo mawili waliyapenda, wakabishana kwa furaha. La tatu lilikuwa linawanyamazisha: ukishapiga, utarudi nyuma kupitia wapi?

Maana kulinda si kukaa mahali pamoja na kuonyesha ushujaa. Ukipiga mara mbili au tatu, moshi umeshakusema uko wapi, na kombora linalofuata ni lako. Ni lazima utoke, urudi nyuma bila kuonekana, ukakae kwenye maficho ya pili, umpige tena. Ndivyo ardhi yenye mabonde inavyomchosha mshambuliaji: kila akivuka kilima kimoja anakuta kingine kinamngoja. Lakini njia ya kurudi haichaguliwi makombora yakishaanza kuja. Huchaguliwa jana yake, na haichaguliwi kwa darubini. Nilikuwa nawafokea: shuka kwenye kifaru, vaa buti, tembea njia yote kwa miguu, chomachoma ardhi kwa fimbo. Mwanafunzi aliyeniletea njia asiyoitembea nilimkata alama zote, hata kama ilikuwa njia nzuri.

Mwaka nilipostaafu nilikwenda Mulot na mke wangu kutafuta mtamba. Pale ardhi inafunguka, ngano na mahindi hadi macho yachoke, ukielekea Narok. Nilisimama kando ya mnada wa ng'ombe nikasahau tulichofuata. Hapo ndipo mshambuliaji angependa kupigania: anaona mbali, anatawanya vifaru vyake, anakimbia. Anayelinda hana kilima cha kumficha, inabidi atafute vikunjo vidogo vya ardhi ambavyo mtu wa kawaida hata havioni, au achimbe. Nilikuwa nimeshapata kikunjo kimoja nyuma ya shamba la mahindi mke wangu aliponivuta mkono wa koti. "Umekuja kununua ng'ombe," akaniuliza, "ama umekuja kupigana na Narok?" Wauzaji walicheka, na mimi nikacheka nao. Wakati huo alikuwa hajajua. Alidhani ni mazoea tu ya kazi.

Kosa langu lilitoka nyumbani. Nilipokuwa mdogo, chini ya shamba letu kulikuwa na kinamasi. Kiliwahi kummeza ndama wetu akiwa hai, tukimwona, na kamba zetu hazikufika. Baba yangu alikasirika kama vile kinamasi kilikuwa ni mtu aliyemkosea, akapanda mikaratusi mistari kwa mistari. Miti ile ilikunywa maji yale. Baada ya miaka michache tulikuwa tunacheza mpira mahali ndama alipozama. Kila mtu wa mgongo wetu alifanya vivyo hivyo kwenye bonde lake, na sisi watoto tukakua tukijua jambo moja bila kufundishwa: ukiona mikaratusi bondeni, kanyaga bila hofu. Nilienda na imani hiyo jeshini, nikaivaa miaka yote, na kwa kuwa haikuwahi kuniangusha niliiita ujuzi.

Dereva wangu alikuwa kijana wa Kedowa. Wazazi wake walikuwa Wakikuyu waliohamia pale zamani kutoka upande wa kati, wakulima wa viazi na wauzaji wa miti. Alikuwa mwembamba, mwenye kupiga mluzi kila wakati, na aliendesha kifaru kwa wepesi ambao sijauona kwa mwingine. Nilimwuliza siku ya kwanza alifunzwa wapi. "Na mzee wangu, afande, na trekta," akasema. Tulitaniana sana. Yeye alisema haelewi kwa nini Mkipsigis kama mimi, mtu wa kabila la wakimbiaji, anahitaji kifaru na angeweza kumfukuza adui kwa miguu. Mimi nilikuwa namwonya mbele ya wenzake asije akakiuza kifaru chetu kwa wanunuzi wa vyuma kuukuu. Nilimpenda kijana yule. Nasema hivyo hapa kwa sababu sikusema popote pengine.

Siku ile tulikuwa kwenye mazoezi makubwa, katika shamba la zamani la nyanda za juu. Upande wangu ulikuwa unalinda, na wakubwa walisimama juu ya kilima kingine na darubini zao. Jana yake nilikuwa nimetembea njia yangu ya kurudi, kwa buti na fimbo kama nilivyofundisha. Ilikuwa njia ya kuzunguka, ndefu, inapita kwenye daraja dogo la mawe. Nzuri, ila ndefu.

Maficho ya kwanza yalikwenda vizuri kupita kiasi. Tulizama nyuma ya mgongo, wakaja, matumbo yakatokeza, na waamuzi wakainua bendera kuonyesha kwamba tumewaua. Mara ya pili, bendera tena. Nilisikia wakubwa wakinisifu kwenye redio, na kichwa kikavimba. Ilikuwa sasa wakati wa kurudi. Nikaangalia upande wa kushoto, nikaona bonde pana lenye nyasi fupi za kijani na visiki vya mikaratusi, mistari kwa mistari, kama vya baba yangu. Ukilikata bonde lile ungefika maficho ya pili kabla adui hajajua umeondoka. Wakubwa wangelizungumzia jambo hilo mwaka mzima.

"Dereva, kushoto," nikasema. "Teremka, pita bondeni."

Kifaru kilisimama. Sauti ya kijana ikaja masikioni mwangu kwa simu ya ndani. "Afande, hiyo miti imekatwa."

"Naona."

"Kwetu mzee alikata zake zote, akauza nguzo. Mvua mbili tu, maji ikarudi. Trekta ilizama mpaka kwa kiti."

Mimi nilijua nusu ya kwanza ya habari ya mikaratusi, kwa kuwa kwetu hatukuwahi kuikata. Yeye alijua nusu ya pili, kwa kuwa kwao walikata. Alikuwa ananipa kile nilichokosa, bure, kwa heshima, na ningehitaji tu kushuka na fimbo kwa dakika mbili. Nilisema nini? Nilisema, "Hiki kifaru kinaongozwa na nani?"

"Ni wewe, afande."

"Basi pita."

Akapita. Aliingiza gia ya chini kabisa, akateremka polepole sana, akiipapasa ardhi kwa minyororo. Tulifika katikati. Nyasi zilikuwa nzuri, za kijani kibichi, na ni sasa tu ninapojua kwamba ukijani ule peke yake ungetosha kuniambia kuna maji chini. Kisha pua ikazama. Haikuzama kwa kishindo. Ilienda chini taratibu, kama ng'ombe anayepiga magoti, na matope meusi yakafunika pale mbele ambapo dereva hukaa.

Dereva wa kifaru ana mlango wake mdogo juu ya kichwa. Mzinga ukiwa umeelekea mbele na kuinama, hulala juu ya mlango ule, na mlango haufunguki. Mzinga wangu ulikuwa mbele. Umeme ulizimika. Nikampigia kelele mpiga mzinga auzungushe kwa mkono, naye akazungusha, lakini usukani ule wa mkono huzunguka mara nyingi sana mzinga usogee kidogo. Nilimsikia kijana masikioni mwangu. "Afande, maji," alisema. Kisha tena, "Afande, maji." Hakupiga kelele. Alisema kama mtu anayetoa ripoti kwa mkubwa wake atakayejua la kufanya. Mlango ulipokuwa huru, alikuwa amenyamaza.

Nilivunjika mbavu nikijaribu kumvuta, na wodini watu waliniita shujaa. Afisa alikuja na faili. Alikuwa mpole, tena alikuwa na haraka. Aliniuliza njia niliyoipanga ilikuwa ipi. Nikasema ya kuzunguka, kupitia darajani, na huo ulikuwa ukweli. Akaniuliza, "Kwa hiyo dereva aliacha njia?"

Nikasema ndiyo.

Ni neno moja. Sikutunga hadithi ndefu, sikumsingizia ulevi wala usingizi. Niliogopa, basi. Niliogopa kuvuliwa vyeo, niliogopa kuonwa na wanafunzi wangu wote kuwa mtu asiyetembea njia yake. Mpiga mzinga na mwenzake wa kupakia makombora walikuwa wamesikia kila kitu. Walikuja kuniona, wakasimama miguuni mwa kitanda, wakafyata ulimi. Sikuwaomba wanifiche. Walinificha wenyewe, kwa kuwa walinipenda na nilikuwa hai.

Sikwenda kwenye mazishi, mbavu zilinipa sababu. Nilistaafu, nikarudi kwenye chai yangu. Wiki chache baada ya ile safari ya Mulot nilimwambia mke wangu naenda kutafuta mbegu za viazi, nikaenda Kedowa. Niliuliza njia kwa akina mama wanaouza kabichi kando ya barabara, wakanielekeza.

Nyumba yao ilikuwa mpya kuliko miti iliyoizunguka. Ile ya kwanza ilichomwa wakati wa vurugu za kura, na waliochoma walikuwa wanaongea lugha yangu. Nilijua hilo kabla sijafika. Mzee alikuwa anatengeneza ua, amevaa gambuti na sweta iliyotoboka viwiko. Alinitazama vizuri. "Wewe ni mtu ya Bomet?" akauliza. Nikasema ndiyo, mzee, natafuta mbegu. "Karibu basi," akasema, "kwanza unywe chai." Mkewe akaleta birika, akatumiminia na kurudi jikoni.

Chini ya kibanda kulikuwa na trekta kuukuu, magurudumu yameisha upepo. Mzee aliona naiangalia.

"Hiyo imelala," akasema. "Ilikuwa ya kijana yangu kuchezea. Alikuwa jeshi, alienda na ajali."

"Pole sana, mzee."

"Walituandikia ati aliacha njia." Akakoroga chai iliyokwisha kukorogwa. "Ni mimi nilimfundisha kuendesha. Nilikuwa namuachilia tu aende vile anataka, sikumkaza. Mama yake alikuwa ananiambia, huyo mtoto umkaze. Sasa naona nilimfundisha vibaya. Nilimharibu mimi mwenyewe."

Alinieleza hayo mimi, mgeni wa viazi, labda kwa sababu nilikuwa mgeni. Maneno yote niliyotakiwa kusema yalikuwa mdomoni. Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi njia nzima. Nikauliza kama mbegu zake ni za kukomaa mapema.

Akasema ni nzuri. Alinipimia gunia, kisha akaongeza viganja viwili vilivyojaa juu, vya zawadi, akanisindikiza hadi barabarani. Nilizipanda. Zilizaa vizuri sana msimu ule, na kila sahani iliyoletwa mezani niliisukuma mbali mpaka mke wangu akaniuliza viazi vimenikosea nini.

Ndipo nikamwambia. Nilimwambia tukiwa tunachuma chai, yeye mstari wake na mimi wangu, ili nisimwangalie usoni. Mikono yake ilisimama. Nilingoja anifokee, kwa maana anajua kufoka, na hakunifokea. Hajanitania kuhusu vilima tangu siku ile, na sikujua ningeukosa utani huo kiasi hiki.

"Huyo mzee amebeba kitu yako," akasema mwishowe. "Enda uichukue."

Nikasema nitaenda wiki ijayo. Wiki ijayo mvua ya mawe ilipiga chai. Iliyofuata, mtamba alikuwa karibu kuzaa. Kisha kulikuwa na harambee ya kanisa, kisha barabara ilikuwa mbaya, kisha nilikuwa na kifua. Nilifundisha watu miaka mingi namna ya kurudi nyuma kutoka kilima hadi kilima bila kuonekana, na sasa nilikuwa naifanya kazi hiyo vizuri kuliko mwanafunzi yeyote. Mke wangu aliacha kuuliza. Asubuhi moja nilimkuta amevaa viatu vya kutokea na kitambaa cha kichwani. Nilipouliza anaenda wapi, akasema, "Kedowa." Nikamwambia avue viatu, naenda mimi.

Trekta haikuwepo tena chini ya kibanda. Mama alikuwa amekaa nje kwenye kigoda akipepeta maharagwe. Aliinua macho.

"Wewe ni ule wa viazi," akasema.

"Ndiyo, mama. Mzee yuko?"

"Mzee tulimzika. Imeisha miezi mitatu."

Ningeweza kumpa pole, kutoa sala fupi, na kurudi nyumbani nikiwa nimefika. Njia hiyo ilikuwepo, niliiona, ilikuwa wazi kabisa. Sijui nini kilinizuia. Huenda ni kwa sababu nyumbani kulikuwa na mtu amesimama na viatu vya kutokea. Nilimwambia mama nikiwa wima, bila kukaribishwa kiti. Nilimwambia mimi ndiye niliyekuwa mkubwa wa kijana wake ndani ya kile kifaru. Nikamwambia habari ya visiki, ya bonde, ya lile neno moja wodini. Nikamwambia pia kwamba nilikuja mara ya kwanza kuyasema hayo, na nikaondoka na viazi.

Aliendelea kupepeta wakati wote. Maharagwe yalipanda na kushuka kwenye ungo, makapi yakapeperuka kuelekea kwangu. Nilipomaliza, aliuliza bila kuniangalia.

"Alikwambia kuna maji?"

"Aliniambia."

"Akakwambia hiyo maneno ya trekta ya babake kuzama?"

"Aliniambia yote, mama. Mvua mbili, akasema. Mimi nilikataa kusikia."

Ungo ukatulia mapajani mwake. "Kwa hivyo alikumbuka," akasema. "Kwa hivyo alifundishwa vizuri."

"Alifundishwa vizuri sana. Sijaona dereva kama yeye."

Alilia kidogo, kwa namna ya mtu aliyezoea, akijifuta kwa ncha ya leso huku mkono mwingine ukitafuta mawe kwenye maharagwe. Nilitaka anitukane. Nilitaka aseme neno juu yangu na watu wangu, na nyumba ile ya kwanza, na nilikuwa tayari kulipokea. Badala yake alisimama, akaweka ungo juu ya kigoda, akanawa mikono kwenye beseni. Akafunga leso upya. Kisha akaniambia nimfuate.

Makaburi yalikuwa mawili, nyuma ya nyumba, pale ambapo shamba linaanza kuteremka. La kijana lilikuwa na saruji na msalaba wa chuma. La mzee lilikuwa bado ni udongo, umeanza kushuka katikati, na maua ya mazishi yamekauka juu yake. Ng'ambo ya ua, majirani walikuwa wanachimba viazi, wanaume kwa wanawake, wakipiga domo. Wingu la mchana lilikuwa limeshaanza kujikusanya upande wa msitu.

"Mimi umeniambia," mama akasema. "Sasa mwambie yeye."

Nilivua kofia. Nilisema maneno machache, chini chini, kama mtu anavyosema mbele ya kaburi. Sikumbuki hata ni yapi.

"Ongea kwa nguvu," akasema. "Huyu mzee maskio ilikuwa imeharibika."

Nikasema kwa sauti. Nikasema mtoto wake hakuacha njia, kwamba ni mimi niliyemtuma bondeni, na kwamba alinikataza nikamlazimisha. Ng'ambo ya ua majembe yalinyamaza. Watu wakainuka mmoja mmoja, wakasimama na matope mikononi, wakitusikiliza. Niligeuka kumwangalia mama nikidhani imetosha. Alikuwa anawaangalia wao, si mimi, akihesabu kwa macho waliofika karibu na ua na waliobaki mbali.

"Rudia," akasema. "Anza na jina lako."

Nikawageukia, nikasema jina langu na la baba yangu na mahali ninapotoka, kisha nikaanza upya.